Kikombe cha Tano

Chumba cha Mwisho Kushoto,
Nyumba ya Geti la Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Magodoro.

Jumapili, mwisho wa mwezi, zile siku zake mbaya.

Mpendwa Dada,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana wewe ukisoma umesimama huanza kufanya kazi nyingine katikati. Hujambo lakini? Goti linasemaje na baridi hii? Shemeji hajambo, na bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na wale mapacha wako wasiosikia la mtu, wazima?

Sisi huku miili haijambo, tunamshukuru Mungu. Mdogo alikuwa na mafua, yakaisha yenyewe baada ya kutuambukiza sote. Ngongoti anazidi kurefuka. Suruali niliyomnunulia shule zilipofunguliwa sasa inamwonyesha vifundo vya miguu, na ukimtuma dukani anarudi na njaa mpya. Shemeji yako anakusalimu sana. Hilo la afya tumelimaliza. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha chini leo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Dada, simu ndiyo iliyoniponza. Unakumbuka iliniangukia kwenye beseni la mashuka kule kazini, spika ya sikioni ikafa. Tangu siku hiyo sisikii mtu mpaka niweke sauti ya nje, na chumba chetu kimegawanywa kwa pazia tu. Wewe ukipiga chafya huko, huku watu wanasema pole. Kwa hiyo haya nimeamua kuyaandika. Atakayekuletea ni dereva wa lori la magodoro, rafiki wa shemeji yako. Mpe chai, ni mtu mwema ila anaongea mno.

Ulitaka nikujibu kabla ya shule kufunguliwa kama nimlete Chiriku aje kukaa kwenu, umlee na kumsomesha pamoja na wanao. Jibu ninalo, lakini nikikupa hivi hivi litakuudhi. Nivumilie nianze mwanzo.

Hali ya hapa unaijua nusu tu, kwa sababu nusu nyingine nilikuficha. Kiwanda kimepunguza zamu. Shemeji yako, aliyekuwa akitoka kila asubuhi na pamba kwenye nywele hata baada ya kuoga, sasa anaitwa siku chache kwa wiki, na siku nyingine anashinda hapa nyumbani akikaza skrubu ambazo hazijalegea. Mshahara wangu wa kufua mashuka kule nyumba ya wageni ulikuwa wa mboga na sare za shule. Sasa ndio nguzo ya nyumba, na nguzo yenyewe unajua unene wake.

Lakini wewe unanifahamu. Mimi si mtu wa kulia njaa mlangoni kwa watu. Nilikaa chini nikapanga. Siku ya mshahara tu, kabla noti hazijanizoea mkononi, naenda duka la jumla na kununua chakula cha mwezi mzima kwa mkupuo: mchele, maharage, unga, mafuta, sukari kidogo ya kudanganyia chai. Mchele unaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Juu ya ndoo kinakaa kile kikombe cha bati cha marehemu mama, kilichong'oka mkono, sijui kama unakikumbuka. Hicho ndicho sheria ya nyumba hii. Mtu mmoja, kikombe kimoja kwa siku, na juu napitisha mgongo wa kisu kisifanye kilima. Tuko watano, vikombe vitano. Mafuta napima kwa kifuniko cha chupa. Vitunguu nimevining'iniza juu asipovifikia mtu, ingawa Ngongoti sasa anavifikia bila hata kunyanyua visigino.

Na hata hivyo, Dada, kila mwezi ulikuwa unanishinda. Siku za mwisho ndoo inakuwa nyeupe chini, tunakunywa uji mwepesi unaoweza kusomea gazeti kupitia kwake. Hapo shemeji yako anatoka nje kwa kisingizio cha kuangalia hali ya hewa.

Mpimaji ni Chiriku. Mimi narudi kutoka kazini jua limeshazama, kwa hiyo akitoka shule yeye ndiye anayepima mchele na kuubandika, na tukifika sisi wakubwa tunakuta sufuria imefunikwa, watoto wameshakula. Anaipenda kazi hiyo. Akipima anahesabu kwa kuimba, anataja kila mwenye kikombe chake: cha baba, cha mama, cha kaka, cha mdogo, cha mimi. Wewe humfahamu sana, ulimwona akiwa bado wa kubebwa. Hilo jina la utani hakupewa kwa bahati mbaya. Mtoto anaongea kuanzia anapofumbua macho, na akilala anaendelea kidogo. Walimu wameshamhamisha viti vyote vya darasani na kila anapowekwa anapata wa kuzungumza naye.

Sasa turudi kwenye ile simu yako ya mwanzo wa mwezi. Ulisema nikuletee Chiriku, nami nikanyamaza, ukadhani laini imekatika. Haikukatika. Nilikuwa namkumbuka shemeji yako na skrubu zake. Halafu nikakwambia maneno ambayo nakumbuka hata nilikuwa nimesimama wapi nilipoyasema: "Dada, sahani moja ikipungua hapa, tutapumua." Ukacheka, ukasema basi ni sahani yenye kelele. Nami nikacheka.

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia anachambua maharage. Sikumfikiria. Yaani mwenye spika mbovu ni mimi, na sikumfikiria.

Siku zikaenda, na mwezi huu ukawa wa ajabu. Nachungulia ndoo katikati ya mwezi, mchele upo. Nachungulia tena, upo. Nikasema kumbe ni ule mgongo wa kisu, kumbe ni kule kuosha mara moja badala ya mara mbili, kumbe nimejua! Kichwa kikanivimba. Kule kazini nikawa nawafundisha wenzangu wakati tunakunja mashuka, kila mtu na hesabu za nyumba yake, mimi katikati kama mwalimu mkuu. Shemeji yako nilimwambia kwamba kiwanda kingenipa mimi ofisi ya uhasibu kisingepunguza zamu ya mtu yeyote. Masikini alicheka, na alikuwa hajacheka siku nyingi.

Dalili zilikuwepo, sitakudanganya. Chiriku alikuwa anarudi na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Nikimuuliza anasema alipita kwa fundi. Fundi ni jirani yetu wa mlango wa mbele, mwanamke anayeshona nguo za watu pale barazani, na chereheni yake inaanza kabla ya jogoo. Nikamgombeza mtoto kwamba asiende kusumbua watu kazini. Jumapili tukila pamoja, sahani yake haiishi; tumbo linauma, au hana hamu, au amsaidie mdogo kumalizia. Nikasema huyu ameanza maringo, amesikia anakwenda kwa mama yake mkubwa mwenye duka na sasa anadharau wali wa nyumbani. Nilimwambia hivyo mbele ya kaka yake. Hakujibu. Chiriku hakujibu, Dada, na mimi mama yake sikushtuka.

Juzi niliwahi kutoka kazini, nikakuta ndoo bado ina mchele wa kutosha siku kadhaa, nikasema neema kama hii mtu hali peke yake. Nikajaza bakuli, nikafunika na kitambaa safi, nikavuka kwenda kwa fundi. Nilikuwa nimemwona mwezi wote kanikalia vibaya. Namsalimu, ananijibu "mm". Namwambia habari za kutwa, "mm". Lakini yule kila wakati ana pini mdomoni, nikajua ni pini. Nikamwekea bakuli juu ya meza yake ya kukatia, kisha nikaanza. Nilimweleza kikombe, nikamweleza kisu, nikamweleza kifuniko cha mafuta. Nikamwambia, jirani, mwezi haushindi mtu anayejua kupima. Wanaoshindwa ni wavivu wa kupanga.

Akazima chereheni. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kile kimto chake. Nikaona leo kuna jambo.

"Mama Chiriku," akasema, "mimi nimekustahi sana. Mwezi mzima nimekustahi. Mtoto wako anakula kwangu kila siku ya Mungu, nami nikanyamaza, nikasema mwenzangu amekwama na anaona aibu kusema, kamtuma mtoto kwa ujanja, basi yaishe. Mimi mwenyewe nina wangu hapa, lakini nikasema yaishe. Leo unaniletea bakuli na mahubiri juu yake?"

"Nani kamtuma?"

"Si wewe? Amekuja hapa na maneno yamenyooka: mama amesema nikusaidie kuokota pini na kufumua nyuzi, chakula changu cha mchana kiwe huku. Nikamwambia sawa. Na kazi anaifanya, tena vizuri, sisemi uongo. Ila anaongea!"

Uso ulinishuka, Dada, nikakosa pa kuuweka. Nilitaka kumwambia si kweli, na nikaona kila ninachotaka kukana kimekaa palepale kwenye bakuli. Ule mchele niliokuwa namtambia ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeubakiza, kwa sufuria yake mwenyewe. Nikamwambia jirani nisamehe, sikujua. Akaniangalia muda mrefu ili aone kama naigiza, halafu akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Hukujua kweli?" Hiyo sauti ya huruma iliniuma kuliko ile ya ukali.

Nikavuka kurudi na hasira zote. Unanijua, nikiaibika huwa sijui kulia mpaka nimgombeze mtu kwanza. Nikamwita kwa jina lake la shule. Akatoka jikoni na kikombe mkononi. Nikamwambia, wewe, umeniaibisha, umekwenda kuomba chakula kwa watu na nyumbani kipo! Umemdanganya mtu mzima kwa jina langu! Kwa nini hupimi chako ukala?

Akasema, "Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Ulipomwambia mama mkubwa sahani moja ikipungua mtapumua."

Yeye ndiye aliyeendelea, taratibu, kama ananifafanulia somo gumu. "Yangu nimeshaiondoa, mama. Tangu siku ile napima vinne. Na umepumua, nimekuona, umekuwa unacheka na baba. Sasa si nibaki?"

Dada yangu, nimeandika mstari huo kisha nikaenda kunawa uso. Nimerudi.

Yeye hakulia. Alisimama anasubiri jibu kama mtu aliyelipa nauli na anataka tiketi yake. Mimi ndiye niliyekaa kwenye ndoo ya mchele, mfuniko ukapasuka, na hata hilo hakulicheka, mtoto anayecheka kila kitu.

Shemeji yako alipoingia nilimweleza yote. Alikaa kizingitini, akaizungusha bisibisi yake kiganjani, mwisho akasema, "Kwa hiyo ni Chiriku aliyekuwa analisha nyumba." Kesho yake aliamka mapema kwenda kushusha mizigo sokoni, kazi ambayo mgongo wake hauiwezi na ambayo nilikuwa nimemkataza. Sikumkataza tena. Jioni alirudi amepinda upande, na viazi kwenye mfuko, akaviweka mezani mbele ya Chiriku kabla ya kunisalimu mimi.

Nami nikaanza kujichunguza, jambo ambalo unajua halinijii kirahisi. Mwaka jana ulitaka kututumia gunia la mchele kutoka dukani kwenu. Ulisema dereva atalishusha mpaka mlangoni. Nikakujibu nini? Nikakwambia hatujafika huko, nikakata simu, na wiki nzima nikawa nasimulia watu jinsi nilivyomweka sawa dada yangu mwenye pesa. Nilikuwa nakufa na tai shingoni. Gunia nilikataa kwa sababu majirani wangeliona likishushwa. Lakini ulipomtaka mtoto, nilikaribia kusema ndiyo, maana mtoto akienda kusoma kwa mama yake mkubwa hakuna anayeuliza. Watu husema bahati hiyo. Yaani nilikuwa tayari kumtoa mwanangu ili nisionekane napokea mchele. Ukilisema hivyo kwa sauti halisemeki, na hivyo ndivyo lilivyokuwa.

Basi jibu ni hili. Chiriku simleti. Usinune. Najua angelala kitanda chake peke yake, najua shule ya huko ina maabara na walimu wasiochoka. Najua ulinitakia mema, na kosa si lako hata chembe. Shemeji yako anasema tusifunge mlango, naye ana haki yake. Labda akimaliza shule ya msingi, labda likizo. Siku akija, aje kwa kuwa amealikwa, na awe anajua hivyo. Asije kwa kuwa amepunguzwa.

Na lile gunia, Dada. Lile la mwaka jana. Kama bado unaweza, litume. Dereva alishushe mchana kweupe, mbele ya geti la kijani, watu waone. Nusu yake itavuka kwenda kwa fundi, nimeshamwambia, na safari hii sikuongeza mafunzo. Hapa nilipoandika "litume" kalamu imekwama mara mbili. Lakini nimeandika.

Nisalimie shemeji, mwambie alale ubavu. Wasalimie mapacha, nawabusu mashavu yote manne hata kama hawatulii. Msalimie mjomba ukimtembelea, mwambie radio yake bado ninayo na bado haisikiki. Shangazi naye mpe salamu, ila habari za barua hii usimpe, kesho asubuhi zitakuwa stendi. Ngongoti anakusalimu kwa mdomo umejaa. Mdogo amechora kitu hapo pembeni, anasema ni wewe.

Limebaki moja, nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Nimemwambia Chiriku hatakwenda. Nimemwambia kwa maneno yote niliyo nayo, na baba yake amemwambia. Anaitikia. Lakini jioni hii nimepima mwenyewe vikombe vitano mbele yake, nikataja kama anavyotaja yeye, cha baba, cha mama, cha kaka, cha mdogo, cha Chiriku. Nilipogeuka kuchukua maji, nikasikia kikombe kinarudishwa kwenye ndoo polepole, asitoe sauti. Nikajifanya sijasikia. Nikamuuliza baadaye, tukiwa wawili, kwa nini haniamini. Akasema, "Mama mkubwa bado hajakubali."

Kwa hiyo nakuomba, ukishaisoma hii, piga simu jioni tukiwa wote. Usiniulize matumizi, usiniulize mchele. Nitaiweka simu mezani. Sema umekubali abaki kwao, sema wewe mwenyewe unataka akae na mama yake. Sema kwa sauti, Dada, na sema taratibu. Atakuwa nyuma ya pazia.

Mungu akupe afya, akulinde na goti hilo, na asikunyime pumzi ya kunisikiliza miaka mingine mingi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata nilipokukatia simu,

Pilipili